Saladi ya kuku ya Kiasia ikikugomea: anza kwa kutafuta maji

Malalamiko kuhusu saladi hii ya kuku isiyo na maziwa yanafanana mno. Imelowa hadi kabichi inaogelea. Kuku hatafuniki. Sosi imekatika, mafuta yako juu na maji chini. Karanga zimelegea. Na lile zito kuliko yote: nimeacha maziwa kabisa, mbona tumbo bado linanisumbua? Karibu kila mtu huishia kuilaumu sosi, anatafuta mapishi mengine ya sosi, na wiki inayofuata tatizo ni lile lile.

Kabla hujabadilisha chochote, tafuta maji. Yapo yaliyomtoka kuku yakaacha nyuzi kavu, yaliyobaki kwenye majani baada ya kuosha, yanayovutwa na chumvi kutoka kwenye kabichi, na yaliyopungua kwenye siagi ya karanga hadi ikagoma kulainika. Hata hewa ya Dar es Salaam ina unyevu unaoingia kwenye karanga ukiziacha wazi. Ukijua maji yako wapi na yalipaswa kuwa wapi, sehemu kubwa ya matatizo yaliyo hapa chini utayamaliza bila kununua kitu kipya.

Tuelewane pia kuhusu "ya Kiasia". Vietnam wana gỏi gà: kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa kwa mkono, kabichi, ndimu, sosi ya samaki, majani mabichi na karanga. Jimbo la Sichuan nchini China lina kuku wa bang bang, anayepondwa kwa fimbo ili nyuzi zilegee, kisha anamwagiwa sosi ya ufuta na pilipili. Indonesia sosi ya karanga ni ya kila siku. Katika vyakula hivi maziwa hayakuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo usiitengeneze sosi yako kama mtu aliyenyimwa kitu. Karanga, ufuta, nazi na ndimu zinatosha, na zote zipo sokoni kwetu.

Kipimo cha kulinganishia

Kwa watu wanne: nyama ya kuku isiyo na mfupa nusu kilo, kabichi gramu 400 hivi, karoti mbili, tango moja, majani ya vitunguu, fungu dogo la kotmiri na la mnanaa, na kiganja kimoja cha karanga za kukaanga.

Sosi: soya sosi vijiko 3 vya chakula, maji ya ndimu vijiko 3, siagi ya karanga vijiko 2, mafuta ya alizeti vijiko 2, asali kijiko 1, mafuta ya ufuta uliokaangwa kijiko 1 cha chai, tangawizi mbichi iliyosagwa kijiko 1 cha chai, punje moja ya kitunguu swaumu, na pilipili kadiri ya walaji. Anayependa nazi aondoe siagi ya karanga na mafuta ya alizeti, aweke robo kikombe cha tui zito.

Ikiwa yako imekwenda mbali sana na vipimo hivi, rudi hapa kwanza. Ikiwa haijaenda mbali, endelea.

Dalili: maji yanajaa chini ya bakuli

Hili ndilo linaloongoza. Sababu zake, kuanzia inayotokea zaidi:

1. Imechanganywa mapema. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi ya kawaida kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga. Ukichanganya saa nne asubuhi kwa ajili ya saa saba mchana, kabichi itakuwa imetoa maji yake yote. Weka sosi kwenye chombo chake na uchanganye dakika 10 kabla ya kula.

2. Mboga hazikukauka baada ya kuoshwa. Kung'uta fungu la kotmiri juu ya karatasi ya tishu. Ukiona matone, hazijawa tayari. Ziache kwenye chujio, kisha zitandaze kwenye taulo safi la jikoni na ulikunje polepole. Majani yenye maji ndiyo pia yanayofanya sosi iteleze na kukusanyika chini huku juu pakiwa hapana ladha. Mtu anaongeza sosi, na bakuli linazidi kulowa.

3. Tango limeingia na mbegu zake. Lipasue kwa urefu, kwangua katikati kwa kijiko, kisha kata.

4. Kuku amewekwa wa moto. Mvuke wake unageuka maji na joto lake linalegeza majani. Apoe kabisa.

5. Kabichi yenyewe ina maji mengi. Hutokea zaidi kwa kabichi laini zilizovunwa wakati wa mvua. Hapa ndipo dawa ya kina inapohitajika, na kila anayetengeneza kachumbari anaijua: kile tunachofanyia kitunguu kwa chumvi ili kutoa ukali, ifanyie kabichi ili kutoa maji. Katakata nyembamba, nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, fikicha kidogo, acha dakika 20. Suuza haraka kwa maji salama, kamua kwa mikono miwili, kausha. Kwenye sosi punguza kijiko kimoja cha soya sosi, maana chumvi nyingine imeshabaki kwenye kabichi.

Kama imeshalowa na wageni wako mezani, inamisha bakuli, mimina yale maji kwenye kikombe, koroga humo kijiko kimoja cha siagi ya karanga na tone la ndimu, kisha urudishe. Itashika tena. Usifanye hivyo kwa saladi iliyokaa mezani zaidi ya saa moja kwenye joto. Hiyo ina tatizo lingine, nalo lipo mbele.

Dalili: kuku mkavu, mgumu, au wa kutafuna bila mwisho

Tofautisha kwanza. Mkavu ni yule anayevunjika vipande vipande na kukwama kooni. Mgumu ni yule anayerudisha jino. Sababu zao si moja.

Mkavu mara nyingi ni kidari kilichochemshwa kwa moto mkali. Kidari kina mafuta machache sana. Joto likizidi, nyuzi hujikaza na kusukuma maji nje, na maji hayo hayarudi hata ukimwacha ndani ya supu siku nzima. Weka kidari kwenye sufuria yenye maji baridi, chumvi, kipande cha tangawizi na majani ya vitunguu. Pasha hadi vipovu vidogo vianze kupanda pembeni, punguza moto, funika, subiri dakika 10 hadi 12 kwa kidari cha ukubwa wa kawaida. Zima, mwache humo humo dakika nyingine 10 hadi 15. Kwenye jiko la mkaa kazi ni ngumu zaidi kwa sababu moto haushuki unapotaka: toa nusu ya mkaa, au nyanyua sufuria uiweke pembeni.

Kwa anayepikia mkaa natoa ushauri tofauti kabisa: acha kidari, tumia paja. Paja lina mafuta na nyuzi zinazolainika kadiri linavyoiva, kwa hiyo ukipitiliza dakika tano hakuna atakayejua. Saladi nzuri ya kuku haidai kidari, na sijui kwa nini watu wengi wanajilazimisha.

Ugumu una chanzo ambacho wengi hawakitarajii. Kuku akichinjwa, misuli hukakamaa kwa saa kadhaa kabla ya kulegea tena. Ukimnunua akiwa hai sokoni Kisutu au Shekilango, akachinjwa na kunyonyolewa mbele yako, ukafika nyumbani ukamtia sufuriani moja kwa moja, unapika nyama iliyokakamaa. Mbebe kwenye chombo chenye barafu, mweke kwenye friji usiku kucha, au angalau saa 6, ndipo umpike.

Chanzo kingine ni aina ya kuku. Wa kienyeji na wale wa mayai waliomaliza kutaga wana nyama iliyokomaa. Hawafai kwa dakika 12. Wanataka saa moja na zaidi kwa moto wa chini, kisha nyama ikatwe nyembamba kwa kukatiza nyuzi. Ladha yao inazidi ya kuku wa kisasa, tena supu inayobaki ni zawadi. Ila usichanganye mbinu ya mmoja na ya mwingine.

Mwisho angalia kisu. Nyama iliyokatwa kufuata nyuzi ina mikanda mirefu mdomoni. Ichambue kwa vidole hadi iwe nyembamba, au ikate kwa kukatiza. Kama ilishakauka, changanya vijiko vitatu vya supu yake na kijiko kimoja cha sosi, iloweshe kwa dakika 10 kabla ya kuunganisha. Haitarudi ilivyokuwa, lakini italika.

Simama hapa: kuku anatakiwa kufika nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya sehemu nene kuliko zote. Kipimajoto cha nyama kinapatikana kwenye maduka ya vyombo Kariakoo, na ukipika kuku mara kwa mara kitakulipa. Usipokuwa nacho, pasua sehemu nene: ikionekana mbichi au maji yake yana wekundu, irudishe motoni. Kuku aliyekuwa ameganda lazima ayeyuke kabisa kwanza, ndani ya friji na si juu ya meza, vinginevyo nje ataiva na katikati atabaki mbichi. Nyama inayonuka au inayoteleza kwa utelezi haiokolewi na tangawizi wala ndimu. Itupe.

Dalili: sosi imekatika, imeganda au imekuwa madonge

Haya ni matatizo matatu tofauti yanayoitwa jina moja.

Mafuta yanaelea juu. Mafuta na maji ya ndimu hayakai pamoja bila kitu cha kuyashikanisha. Anza na jepesi: tia vyote kwenye chupa yenye mfuniko, tikisa kwa nguvu nusu dakika, mimina papo hapo. Sosi nyepesi kujitenga baada ya muda ni kawaida yake, haijaharibika. Ukitaka ishike kwa muda mrefu, weka siagi ya karanga, ufuta uliosagwa au nusu kijiko cha chai cha haradali. Changanya hivyo na soya sosi pamoja na ndimu kwanza, kisha mimina mafuta kidogo kidogo huku ukikoroga. Wanaomwaga mafuta yote kwa mpigo ndio wanaorudi kuuliza. Na kama umechoka kabisa na jambo hili, fuata Wavietnam: nước chấm yao ni sosi ya samaki, ndimu, sukari, maji, kitunguu swaumu na pilipili. Mafuta hayamo, kwa hiyo hakuna cha kujitenga.

Siagi ya karanga imekaza na kuwa madonge mara tu ndimu ilipoingia. Hapa watu huogopa, wanaongeza mafuta, na hali inazidi kuwa mbaya. Kilichotokea ni kwamba maji ni machache mno: yamelowesha chembe za karanga kiasi cha kuzifanya zishikane, hayakutosha kuzitenganisha. Ongeza maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja kimoja, ukikoroga. Kijiko cha kwanza utadhani unaharibu zaidi. Endelea. Baada ya cha pili au cha tatu itafunguka ghafla na kuwa laini.

Tui limeganda au limekatika. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, kwa hiyo sosi ya tui iliyolala kwenye friji kukutwa na tabaka gumu juu si ajabu. Simamisha chupa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu dakika chache, tikisa. Tui lililokatika na kuwa chembechembe kwa kawaida limekutana na ndimu likiwa bado la moto. Lipoe kwanza, na ndimu iingie mwisho kabisa, kidogo kidogo. Tui la kukuna na kukamua mwenyewe halisubiri: kwenye joto letu huchacha ndani ya saa chache. Kamua, tengeneza sosi, weka kwenye friji, litumie siku hiyo hiyo. Likianza kunusa uchachu usio wa ndimu, mwaga.

Dalili: ladha haiko sawa

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kosa moja linabeba mengi: watu wanaonja sosi kwa kijiko. Ichovye jani la kabichi uonje hivyo. Sosi inayoonekana kali kijikoni hufaa kwenye bakuli, na inayoonekana tamu kijikoni hupotea kabisa kwenye kabichi.

Chumvi ikizidi, usiongeze maji. Ongeza ndimu, asali kidogo na mboga zaidi. Angalia pia chupa: soya sosi nyeusi nzito si sawa na ile nyepesi, ina rangi nyingi na utamu, na kipimo chake hakibadilishani na cha nyingine. Ladha ikiwa imelala, mara nyingi kinachokosekana ni ndimu na wala si chumvi. Kitunguu swaumu kikiwasha ulimi, siku nyingine kiponde ndani ya maji ya ndimu na ukiache dakika 10 kabla ya vingine.

Uchungu una vyanzo vinne. Ufuta ulioungua ndio wa kwanza. Ufuta hutoka rangi ya dhahabu hadi kuungua ndani ya nusu dakika, na kikaango cha moto kinaendelea kuupika hata ukikitoa jikoni, kwa hiyo umwage kwenye sahani mara unaponukia. Wa pili ni mafuta ya ufuta uliokaangwa kuwekwa kama mafuta ya kupikia, wakati kijiko cha chai kinatosha. Wa tatu ni mafuta ya zeituni kusagwa kwenye blenda, ambayo huwa machungu; koroga kwa mkono. Wa nne ni karanga, na huo tuuangalie peke yake.

Dalili: karanga na ufuta vimelegea, au vina uchungu

Kulegea ni jambo la unyevu tu. Kaanga upya dakika tano hadi sita kwa moto mdogo, acha zipoe kabisa kabla ya kufunga kwenye chupa kavu, na uzinyunyize mezani wakati wa kula.

Uchungu ni jambo lingine kabisa. Karanga yenye uchungu inaweza kuwa imevunda mafuta yake, au imeota ukungu. Ukungu fulani hutoa sumukuvu, na sumukuvu haimalizwi na kukaanga wala kuchemsha. Watu wa Dodoma na Manyara walipoteza ndugu zao mwaka 2016 kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka, kwa hiyo hili si la kupuuzia. Zimwage kwenye sinia kwenye mwanga kabla ya kukaanga. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Zikiwa nyingi kwenye fungu moja, tupa fungu lote. Hii ndiyo sababu sinunui karanga zilizosagwa tayari kwenye kifuko kisicho na jina, maana ukishasaga huwezi tena kuchambua.

Dalili: hakuna maziwa ndani, lakini tumbo linasumbua

Anza kwa kuhakikisha kweli hakuna maziwa. Yanajificha mahali ambapo hatuangalii.

Samli ni maziwa. Kama kuku au karanga vilikaangwa kwa samli, saladi yako ina maziwa. Kuku wa kuchoma aliyenunuliwa nje huenda alilowekwa kwenye mtindi, uliza kabla. Majarini nyingine ina unga wa maziwa, na vipande vya kuungia supu vivyo hivyo. Mayonezi kwa kawaida ni mayai na mafuta, lakini zipo zilizoongezewa maziwa. Siagi ya karanga, pamoja na jina lake, haina maziwa isipokuwa mtengenezaji ameongeza. Na hili linawashangaza wengi: tui la unga la pakiti mara nyingi lina protini ya maziwa ili liyeyuke vizuri. Soma kifungashio kabla ya kununua. Maneno ya kutafuta ni milk, whey, casein, caseinate, lactose na ghee. Tui la kukamua mwenyewe halina mashaka hayo.

Halafu fahamu unachokiepuka. Watu wazima wengi duniani wana tumbo lisilomudu laktosi, yaani sukari ya maziwa. Wanapata gesi, kujaa na kuharisha, na kiasi kidogo mara nyingi hakiwaletei shida. Mzio wa protini ya maziwa ni kitu kingine, na kwake hata kijiko kilichotoka kwenye mtindi kinaweza kuleta madhara. Usijipangie mwenyewe uko upande gani. Daktari atakupima, na kama anayesumbuka ni mtoto, usimwondolee maziwa bila ushauri.

Maziwa yakishaondolewa kwenye orodha, angalia mboga mbichi. Kabichi na kitunguu swaumu kibichi hujaza gesi kwa baadhi ya watu; kuikamua kabichi kwa chumvi na kupunguza kitunguu husaidia. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni maji ya kuoshea. Saladi hii haipiti motoni tena baada ya kuunganishwa, na maji ya kisima au ya dumu usilojua lilikotoka yanaingia mdomoni kama yalivyo. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianza kuripotiwa hapa hapa Dar es Salaam mwezi Agosti. Osha mboga kwa maji yaliyochemshwa hadi yakatokota vizuri kisha yakapoa, au yaliyotiwa vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Wakati wa masika na wakati wa tangazo lolote la kipindupindu, mimi huacha majani mabichi na kutumia tango na karoti zilizomenywa pamoja na kabichi iliyopitishwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja.

Kuna na ubao wa kukatia. Kuku mbichi na kotmiri zisikutane kwenye ubao mmoja wala kisu kimoja. Najua wengi wetu tumelelewa kumwosha kuku kwa ndimu chini ya bomba. Ndimu haiui vimelea vyote na maji ya bomba yanavirusha hadi kwenye sahani zilizo pembeni. Ukilazimika kumwosha, tumia beseni, maji yatulie, kisha safisha sinki na mikono kwa sabuni kabla hujagusa mboga.

Acha kutafuta sababu jikoni na uende hospitali mara moja ukiona haya:

- Midomo, ulimi au uso kuvimba, upele unaowasha kutokea ghafla, kupumua kwa shida, sauti kukwama au kizunguzungu, ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Karanga, ufuta, soya, ngano iliyomo kwenye soya sosi, na samaki vyote vinaweza kuleta mzio mkali. Usimnyweshe maziwa kwa imani kwamba yanakata sumu. Kwa mwenye mzio wa maziwa unamwongezea hatari. Mpeleke penye huduma ya dharura, usisubiri uone kama atatulia.
- Kuharisha maji meupe mfululizo, hasa kama ya kuoshea mchele. Mpe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini huku mkiwa njiani.
- Damu kwenye choo, homa kali, au kutapika kusikoruhusu hata maji kukaa. Kwa mtoto mdogo, mjamzito na mzee usingoje dalili zikamilike.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Kama yumo mezani, tumia sukari kwenye sosi.

Dalili: ilikuwa nzuri usiku, mchana ofisini imeharibika

Chakula cha aina hii kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi, kisizidi saa moja. Mchana wa Januari hadi Machi hapa mjini hufika huko bila shida, na ndani ya daladala kutoka Mbagala hadi Posta ni zaidi. Kwa hiyo kila kitu kilale kwenye friji na kifungashwe kikiwa baridi. Chini kabisa ya chombo weka sosi, juu yake kuku, kisha karoti, kabichi, na majani juu. Karanga ziwe kwenye kimfuko chake. Funga na chupa ya maji iliyogandishwa ndani ya mfuko mmoja. Ukifika, weka kwenye friji ya ofisi, tikisa wakati wa kula.

Ukifanya yote hayo na bado inachacha, mshukiwa ni friji ya nyumbani. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, lala, soma asubuhi: kinatakiwa kuonyesha nyuzi 5 au chini. Kama kiko juu, angalia kwanza umeme. Ukikatika, friji iliyofungwa hushika ubaridi kwa saa 4 hivi. Zikipita, kuku aliyepikwa na sosi ya tui vitupwe hata kama havinuki. Kisha bana karatasi kwenye mlango: ikichomoka bila kukaza, mpira umechoka au umejaa uchafu. Angalia kama friji imesukumwa hadi ukutani, na kama vumbi limejaa kwenye mabomba ya nyuma; chomoa waya kwenye soketi kabla ya kulifagia. Kama friji gadi inakata mara kwa mara, umeme wa nyumba una nguvu ndogo au unapandashuka.

Baada ya hapo mwite fundi wa friji. Usitoboe bomba, usichokonoe barafu kwa kisu, usijaribu kuongeza gesi mwenyewe. Friji nyingi za kisasa zinatumia gesi ya R600a, inayowaka moto. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au cha ndani ya mlango, mwonyeshe fundi kabla hajawasha chochote. Mpaka atakapomaliza, nunua kuku wa mlo mmoja, umpike na umle siku hiyo.